Siku ya Kwanza Leipzig: Nimeshinda Natafuta Shuka

Haya, watu wangu wa nyumbani, nimefika. Nipo hai, nimekula, Mama naomba presha ishuke. Hapa ni Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na hiki mnachokiona nyuma yangu ndicho chumba nitakachokaa muhula mzima. Najua mlitaka nitembeze kamera mjini. Leo hapana. Mjini nimezunguka kweli, ila nilikuwa natafuta shuka.

Iko hivi. Kwenye hosteli za wanafunzi huku unapewa kitanda, godoro, meza, kiti na kabati, basi. Mto hakuna, shuka hakuna, blanketi hakuna. Na leo ni Ijumaa, tarehe 2 Oktoba. Kesho ni sikukuu yao ya taifa, siku Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, na keshokutwa Jumapili. Sikukuu na Jumapili maduka yanafungwa kwa sheria, supamaketi nazo zimo. Yanayobaki wazi ni vituo vya mafuta, duka la mikate kwa saa chache, na maduka ya ndani ya stesheni kubwa za treni. Kwa hiyo ukifika siku kama ya leo ukasema ngoja nijinyooshe kidogo, utajinyoosha kwenye godoro tupu mpaka Jumatatu.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Ndege ilishuka Frankfurt asubuhi, na stesheni ya treni za mwendo kasi iko palepale uwanjani. Kutoka hapo mpaka Leipzig ni saa tatu na ushee. Ila wale mnaokuja mwakani, sikilizeni: tiketi ya treni siyo kiti. Kiti unakilipia peke yake. Mimi nilikilipia nikiwa bado Dar, lakini kuna dada kapanda na begi kubwa kuliko langu, akalikalia hilohilo begi mpaka Erfurt.

Sasa ufunguo. Jengo lina msimamizi, wanamwita Hausmeister, na ana saa zake. Ijumaa anaondoka mapema. Nilimwandikia barua pepe wiki iliyopita, akanijibu mstari mmoja: saa saba mchana. Saa saba nimesimama mlangoni, mzee huyo katokea na karatasi mkononi. Nilijua ataniambia karibu Ujerumani. Wapi! Kaingia moja kwa moja, tukaanza ukaguzi. Kavuta droo, karudisha. Kawasha jiko, kazima. Kainama dirishani, kaona doa, kaandika. Ukutani kuna matundu matatu ya misumari, kayagusa moja moja kwa kidole, kaandika. Kijerumani changu ni cha darasani, na mzee anaongea kile cha Saksonia, jimbo hili la Leipzig, k zote kwake ni g, kwa hiyo mengi tumeelewana kwa vidole tu.

Nikasaini. Na msione ni mambo madogo. Siku ya kuondoka karatasi hiyohiyo inatolewa, na tundu ambalo halikuandikwa leo ni langu, linakatwa kwenye amana niliyoweka. Mkikabidhiwa chumba, hata kama mzee ana haraka, pigeni picha kila kona.

Halafu akanishusha chini kwenye masanduku ya barua. Hapa ndipo nataka tuelewane vizuri, maana wengi wetu tumekua na S.L.P. ya ofisini kwa baba au ya shule, barua ikija unaambiwa. Huku postamani anakuja mpaka mlangoni, na anachotafuta ni jina lako kwenye sanduku. Jina halipo, barua inarudi ilikotoka. Na hawa watu pamoja na viwanda vyao vyote bado wanapenda karatasi: kadi ya benki inakuja kwa posta, namba yake ya siri inakuja kwenye bahasha nyingine siku nyingine, kadi ya bima ya afya posta, namba ya mlipakodi posta. Mzee kanipa kipande cha karatasi, nimeandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tumekichomeka.

Kanipa pia barua ya kuthibitisha kwamba naishi hapa. Hiyo pamoja na pasipoti unaipeleka ofisi ya manispaa kujiandikisha, na sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia. Ukishajiandikisha inakuja barua nyingine ya kudai ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na TV usiwe nayo. Msidhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ni deni halali, kaeni na wenzenu wa nyumba mgawane.

Shuka nimepata, msiwe na wasiwasi. Chuo kimenipangia mwanafunzi mwenyeji, anasoma Kiswahili hapahapa Chuo Kikuu cha Leipzig, chuo cha tangu 1409. Anaongea Kiswahili sanifu mpaka nikaona aibu kumjibu "freshi". Tumepanda tramu mpaka dukani. Mama, zile foronya ulizonidarizia haziingii. Mito ya huku ni ya mraba, sentimita 80 kwa 80, ukiulaza unafika mabegani. Nimezitandika mezani, zimependeza, usinune.

Chakula nimenunua cha siku mbili: mayai, mkate, nyanya, mchele. Unga wa sembe nimeambiwa nikautafute mtaa wa Eisenbahnstraße kwenye maduka ya wageni, hiyo ni kazi ya Jumatatu. Masomo yenyewe yanaanza katikati ya mwezi, kabla ya hapo ni foleni za ofisi tu.

La mwisho ni la familia. Sasa hivi Dar mko mbele yetu saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huku wanarudisha saa nyuma, zitakuwa mbili. Mama, ukinipigia saa moja asubuhi yako, mimi ni saa kumi na moja alfajiri. Nipigie jioni.