Vijitabu vya Chini ya Meza: Utajuaje Kipi Halisi?

OMARI: Karibuni tena kwenye kipindi chetu cha Karatasi Kuukuu. Mimi ni Omari, na mwenzangu kama kawaida ni dada Zuhura, mtu wa viwanda vya uchapaji, ambaye pua yake inaujua wino kuliko pilau. Leo natoa tahadhari mapema: kama una watoto karibu, vaa spika za masikioni.

ZUHURA: Ni mada ya watu wazima, lakini yaliyomo ndani ya vijitabu hatuyasimulii. Anayeyatafuta hayo amekosea mlango. Sisi habari yetu ni karatasi, wino na pini zinazoshika kurasa.

OMARI: Msikilizaji wetu mmoja yuko Marekani. Kwenye soko la vitu vya mitumba ameona boksi la vijitabu vidogo vya katuni za watu wazima, vile walivyoviita "Tijuana bibles". Muuzaji anaapa ni vya mwaka 1925. Kimojawapo kina Popeye, yule baharia wa katuni, kwenye jalada. Anauliza: anunue au asinunue?

ZUHURA: Elfu moja mia tisa ishirini na tano? Na Popeye?

OMARI: Ndivyo alivyoandika.

ZUHURA: Popeye alionekana gazetini kwa mara ya kwanza Januari 1929. Muuzaji kafeli kabla jalada halijafunguliwa.

OMARI: (anacheka) Haya, tumalize kipindi twende nyumbani.

ZUHURA: Ngoja kwanza, kaka. Muuzaji kukosea mwaka hakumaanishi kijitabu ni feki. Wauzaji wengi wanarusha tu mwaka unaosikika wa zamani. Kijitabu chenyewe kinaweza kuwa halisi cha miaka ya 1930, na hiyo ndiyo miaka vilipotapakaa, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Alichopoteza ni heshima yangu. Sasa kila atakachosema nitakikagua mara mbili.

OMARI: Kwa wanaosikia jina hili leo kwa mara ya kwanza, vilikuwaje hasa?

ZUHURA: Vidogo, vya kutosha kufichwa kwenye pochi. Kwa kawaida kurasa nane, picha moja kila ukurasa, vimelala kwa mapana. Ndani karatasi ya bei rahisi, wino mweusi au wa bluu, nje jalada la karatasi nzito kidogo, mara nyingi ya rangi. Viliuzwa kwa siri, chini ya kaunta, kwa vinyozi, kwenye maduka ya sigara na kumbi za kuchezea pool. Vilianza miaka ya 1920 na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 vikawa vimekwisha. Wahusika waliwaiba kwenye katuni za magazeti: Popeye, Blondie, Tillie the Toiler, Maggie na Jiggs. Na watu wa kweli pia, waigizaji kama Mae West na Clark Gable, hata jambazi John Dillinger.

OMARI: Bila ruhusa ya mtu.

ZUHURA: Ruhusa? Hakuna mchoraji aliyeweka sahihi, hakuna mchapaji aliyeandika anwani ya kweli. Mji wa Tijuana uko Mexico, lakini vijitabu vilichapwa Marekani kwenyewe. Vingine vina jina la kampuni ya uchapishaji ya London ambayo haikuwahi kuwepo. Basi hapo ndipo kazi ya kuthibitisha inapokuwa tamu. Kitabu cha kawaida kinakupa mwaka, mji na jina la mchapaji, nawe unakagua kama yanakubaliana na karatasi. Huku kila neno lililoandikwa ni uongo tangu siku ya kwanza, na uongo ule ndio alama ya kitu halisi! Unabaki na karatasi tu.

OMARI: Na wachoraji hawajulikani kabisa?

ZUHURA: Wachache sana. Watafiti waliwapa majina ya utani kufuatana na mkono wao, mmoja wanamwita "Mr. Prolific" kwa wingi wa kazi zake. Anayetajwa zaidi kwa jina la kweli ni Wesley Morse, ambaye wanamhusisha na vijitabu vya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939. Mtu huyohuyo baadaye alichora Bazooka Joe, vile vikatuni vya watoto vilivyofungiwa ndani ya bablishi.

OMARI: Subiri. Bablishi?

ZUHURA: Bablishi. Riziki haichagui, kaka.

OMARI: Haya, turudi kwa msikilizaji wetu. Yuko mbele ya boksi. Aanzie wapi?

ZUHURA: Aanze na waliochorwa. Blondie alianza Septemba 1930. Dillinger alivuma 1933 na akauawa Julai 1934. Kijitabu chenye mtu fulani hakiwezi kuwa kimetangulia umaarufu wake. Lakini asikilize vizuri hapa, maana wengi wanateleza: hiyo inakwambia tu kwamba hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Dillinger mwenyewe alishazikwa, ila mtu anaweza kumchapa upya hata 1975. Na walifanya hivyo kweli. Miaka ya 1970 vilichapwa upya vingi.

OMARI: Basi hiyo ya 1975 atainasaje?

ZUHURA: Achukue ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau iliyoko kwa kila wakala wa pesa. Aingie chumba chenye giza, aimulike karatasi. Viwanda vya karatasi vilianza kutia kemikali za kung'arisha weupe karibu na 1950. Kemikali hizo zikipigwa na mwanga huo zinawaka bluu nyeupe, kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga ukiingia nalo disko. Karatasi ya miaka ya 1930 haiwaki. Inabaki hafifu, ina umanjano au ukahawia. Ukurasa wa ndani ukiwaka, hadithi ya 1935 imeishia hapo.

OMARI: Usipowaka?

ZUHURA: Usipowaka, hujathibitisha bado. Karatasi ya zamani ambayo haijachapwa kitu ipo, na mjanja anaijua. Vilevile si kila karatasi mpya ina kemikali hiyo. Taa inaweza kukataa, haiwezi kukubali peke yake. Hapo unatoa lenzi ya kukuzia. Hivi vijitabu ni michoro ya mistari. Anayechapa upya mara nyingi hana bamba la zamani la kuchapia, anapiga picha nakala iliyochakaa kisha anatengeneza bamba jipya. Mistari myembamba inakatika, sehemu zenye mistari iliyosongamana zinajaa wino na kuwa doa. Uchafu wa nakala ile unageuka vitone vyeusi. Kuna kitu kimoja nikikiona nacheka peke yangu: kivuli cha mkunjo kilichochapwa kwa wino. Karatasi yenyewe imenyooka, haijawahi kukunjwa pale, lakini picha ina mkunjo. Kuna mpaka pini iliyochapwa!

OMARI: Picha ya pini!

ZUHURA: Picha ya pini ya kijitabu kingine. Kukiwa na hiyo, huhitaji taa wala mtaalamu.

OMARI: Na fotokopi?

ZUHURA: Hiyo rahisi zaidi. Tona inakaa juu ya karatasi, inang'aa ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga, na pembeni ya mistari unaona vumbi la vitone. Wino wa mashine ya uchapaji unaingia kwenye nyuzi za karatasi. Nani hajaona fotokopi ya cheti cha kuzaliwa?

OMARI: Lakini dada, nilisoma kwamba hata wakati ule walikuwa wanaibiana. Mchapaji mmoja anatoa kijitabu, mwingine anakichora upya.

ZUHURA: Ndiyo, na hapo mimi na wakusanyaji wengine hatuelewani. Wapo wanaotaka ile nakala ya kwanza kabisa, nyingine zote kwao ni takataka. Mimi nasema nakala iliyoibwa 1936 ni kitu halisi cha 1936. Mchoro wake umelegea, sura ya Popeye imekuwa kama ya jirani yake, lakini karatasi, wino na kosa lake ni vya wakati ule. Yule wa kwanza naye kaiba. Utampa mwizi wa kwanza hatimiliki?

OMARI: (anacheka) Umri wa karatasi je? Watu wanachovya kwenye chai.

ZUHURA: Chai inapaka sawasawa, au inaacha mstari pale maji yalipokauka. Karatasi hii ya bei rahisi inazeeka kwa asidi yake yenyewe pamoja na hewa na mwanga, kwa hiyo kingo huwa na rangi kuliko katikati, na inakuwa kavu, inavunjika pembeni. Halafu itazame pini. Pini ya chuma ikishika kutu, kutu inahamia kwenye karatasi na kuacha duara la kahawia kuzunguka tundu. Pini ina kutu na karatasi ni safi? Imetoka sehemu nyingine. Pini inang'aa na duara la kutu lipo? Kuna mtu kaibadilisha, na hilo si kosa alimradi muuzaji aseme.

OMARI: Tuhamie miaka ya 1960 kabla muda haujatutupa. Zap Comix, zile komiki za watu wazima za San Francisco.

ZUHURA: Huku ni dunia nyingine. Vijitabu vya mwanzo vilijificha. Hawa wa San Francisco walijitangaza. Toleo namba moja la Zap, la mchoraji Robert Crumb, lilitoka mwanzoni mwa 1968, na jalada lenyewe likaonya kwamba ni la watu wazima. Walikuwa wanaikimbia ile kanuni ya 1954 iliyobana katuni za kawaida. Na hapa mchapaji ana jina. Nyuma ya Zap namba moja ya chapa ya kwanza imeandikwa kwamba imechapwa na Charles Plymell. Chapa ya pili inasema Don Donahue.

OMARI: Jina moja tu?

ZUHURA: Jina moja, na bei inaruka vibaya mno. Ya kwanza iliuzwa senti 25. Chapa za baadaye bei ya jalada ilipanda, senti 35 na kuendelea. Komiki nyingi za kundi hili zilirudiwa mara kadhaa bila kuandika "chapa ya tatu" popote, kwa hiyo bei ya jalada inakuwa shahidi wako wa kwanza. Ndiyo maana orodha ya bei za komiki hizi ya Jay Kennedy, ya 1982, bado inatafutwa. Aliwatenganishia watu chapa moja na nyingine.

OMARI: Na serikali ilinyamaza?

ZUHURA: Haikunyamaza. Zap namba 4 ilipelekwa mahakamani New York, na 1970 ikahukumiwa kuwa chafu; waliobebeshwa adhabu ni wauza vitabu. Kisha 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Miller dhidi ya California, ikasema uchafu upimwe pia kwa maadili ya jamii ya mahali. Wenye maduka wakaogopa. Na nisiwasafishe: ndani ya vile vya zamani na hivi vya baadaye kuna dhihaka mbaya kwa watu weusi na kwa wanawake. Ukikusanya, usijifanye hujaiona.

OMARI: Mtu wa Dar akitaka kuagiza?

ZUHURA: Asiagize. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 175, inagusa kuingiza na kusambaza machapisho machafu, na forodhani usitegemee afisa atakusikiliza ukimwelezea historia ya uchapaji. Taasisi ya Kinsey kule Bloomington, Indiana, inahifadhi vitu hivi kwa ajili ya utafiti, na wao wenyewe walipambana na forodha ya Marekani mpaka wakashinda kesi 1957. Wewe una wakili wa kukaa nao miaka?

OMARI: Sina hata wa wiki. La mwisho: anauliza kuhusu kampuni zinazofungia komiki kwenye plastiki ngumu na kuipa alama mpaka 10.

ZUHURA: Kwa Zap ya Plymell, sawa, kuna fedha nyingi na watu wa kuidanganyia. CGC, moja ya kampuni hizo, wanafanya kazi hiyo tangu 2000. Kwa kijitabu cha kurasa nane sipendi. Ukikifunga, huwezi tena kupima karatasi, wala kuinamisha ukurasa, wala kutazama tundu la pini. Unanunua neno la mtu.

OMARI: Basi msikilizaji wetu anunue au asinunue?

ZUHURA: Aende na taa. Karatasi isipowaka na pini ikikubaliana na tundu lake, amtajie yule muuzaji Januari 1929, kisha aanze kupatana kutoka hapo.

OMARI: Na ikiwaka?

ZUHURA: Atoe bei ya fotokopi.