Mjumbe wa Bodi ya Shule Anafanya Nini Hasa? Mhadhara kwa Wazazi, Temeke

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa serikali za mitaa, Mkuu wetu wa Shule na walimu wako, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ninyi vijana mliosimama dirishani, mambo vipi.

Nimeombwa nijieleze: mimi ni nani, na nikiwa kwenye bodi hii nataka nini. Nianze na bodi yenyewe, maana wengi mnatuona siku ya mahafali tu, tumevaa vizuri tumekaa meza kuu. Shule ya msingi ina kamati, sekondari ina bodi, na vyombo vyote viwili vipo kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Mjumbe haajiri mwalimu wala hafukuzi mwalimu. Hapangi mtaala. Mshahara hana, kuna soda, na soda yenyewe siku hizi imekuwa maji. Kazi yake ni kusoma mipango ya shule na hesabu za shule, kuuliza maswali, na kusema ndiyo au hapana kabla fedha haijatumika. Ukiona mjumbe hajawahi kusema hapana, jua huyo anakuja kwa ajili ya maji.

Mimi ni mtoto wa Tandika. Nimeanza darasa la kwanza nchi nzima ikiwa mbioni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mmoja wao. Kwa umri alikuwa kama kaka yetu, na alitufundisha kugawanya kwa vizibo vya soda vilivyookotwa nje ya grosari. Watu huwacheka walimu wale. Mimi siwacheki, kwa sababu hesabu ile ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote. Lakini nakumbuka pia tulivyokaa chini, wengi mno, na wenzangu waliomaliza darasa la saba hawawezi kusoma barua. Nchi ilitanguliza idadi, ubora ukaambiwa usubiri. Jambo hilo liwekeni akiba, nitalihitaji nikifika mwaka 2028.

Nimefanya kazi ya hesabu za bohari, Kurasini, mpaka nikastaafu. Kazi ya bohari haina maneno mengi. Lori limeingia, karatasi inasema katoni mia moja, wewe unahesabu tisini na nne. Nani kachukua sita, hilo si lako. Lako ni kuandika tisini na nne, kusaini, na kutokubali kubembelezwa uandike mia. Nilipochaguliwa kwenye kamati ya shule ya msingi wanangu wakiwa pale, na baadaye nilipopata barua ya kuingia bodi ya sekondari, sikuleta taaluma nyingine yoyote. Nimeleta hiyo.

Sasa nina ugomvi kidogo na ninyi wazazi, na naomba mnivumilie.

Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ikafutwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mnakumbuka ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa. Mwaka 2022 wakaondolewa na wa kidato cha tano na sita. Ni jambo jema, na kuna binti mtaani kwangu asingekanyaga sekondari bila waraka ule. Ila ada ilipotoka, mzazi naye akatoka. Alipokuwa analipa elfu ishirini zake, alikuwa anakuja na stakabadhi mkononi kuuliza: fedha yangu imefanya nini? Siku hizi anasema hiyo ni hela ya serikali, waulizeni wenyewe. Wenyewe ni nani?

Tuipige hesabu hapa hapa. Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji. Kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa sekondari ni 25,000, nusu vitabu, nusu shuleni. Chukua shule ya msingi yenye watoto 1,200, ambayo kwa Dar es Salaam hata haitwi kubwa. Mara 6,000, ni milioni saba na laki mbili kwa mwaka. Gawa kwa kumi na mbili, ni laki sita kwa mwezi. Humo kuna chaki, kuna karatasi za mitihani, kuna kitasa kilichovunjika, kuna mipira, kuna nauli ya mwalimu kwenda halmashauri. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi. Mama ntilie waliomo humu wanajua mia tano inanunua nini.

Kwa hiyo nawaambia mambo mawili kwa pamoja, na yote ni kweli. Fedha ni ndogo, na mwalimu mkuu anayeiendesha shule kwa laki sita kwa mwezi ana haki ya kuonewa huruma. Na kwa kuwa ni ndogo, ikipotea laki moja tu, shule imepoteza karibu siku tano za mwezi ule. Mwenye kidogo ndiye anayetakiwa kuhesabu zaidi.

Pengo lile linazibwa na nini? Mnajua. Hela ya mlinzi. Hela ya rimu. Hela ya tathmini, ambayo zamani tuliita jaribio na halikuwa na bei. Hela ya mwalimu wa kujitolea wa Fizikia, kwa sababu walimu wa sayansi na hesabu hawatoshi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, ila utaratibu unaruhusu mzazi kuchangia kwa hiari, kwa kibali cha mamlaka. Neno hiari lipo kwenye karatasi. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa kwa sababu ya mia tano ya tathmini, hiari yake iko wapi? Msimamo wangu kwenye bodi hauna kona: mchango wowote usio na kibali cha maandishi na stakabadhi, hapana. Ukiwa na kibali na stakabadhi, na sababu ikaelezwa kwenye mkutano kama huu, nitakuwa wa kwanza kutoa.

Jambo langu la kwanza, basi, ni ubao wa matangazo. Nataka mapato na matumizi yabandikwe kila robo mwaka, kwa Kiswahili, kwa maandishi ambayo bibi anayemlea mjukuu anaweza kuyasoma bila miwani. Shule nyingi hubandika. Hubandika ndani ya ofisi, nyuma ya mlango, na mlango ukiwa wazi karatasi inatazama ukuta. Huko sikuiti kubandika.

La pili ni ujenzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha kubwa ilipo. Mnakumbuka mwaka 2021 ile fedha ya UVIKO-19, ya kukabili korona. Nchi nzima yalijengwa madarasa 15,000, kwa wastani wa shilingi milioni 20 kila moja. Utaratibu ni wa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa mtaani. Zinaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na wajumbe wake ni ninyi. Ni utaratibu mzuri kuliko wengi mnavyodhani. Ila wote wanagombea kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi inabaki kwa wazee wapole.

Mimi niliomba ile ya mapokezi. Siku moja zimekuja nondo. Karatasi inasema milimita 12. Kwa macho zinafanana kabisa na za 10, hasa zikiwa zimefungwa bando na kijana wa lori anakwambia ana safari nyingine Chamazi. Nikaomba kipimo cha fundi. Bando la juu lilikuwa la 12, yaliyolaliwa chini yalikuwa ya 10. Sikumwita mtu mwizi. Nimeandika kilichokuja, nikakataa kusaini kilichoandikwa, lori likarudi na nondo zake. Darasa lile leo lina wanafunzi, na juu yake kuna darasa jingine, maana Temeke viwanja vimekwisha na sasa tunajenga kwenda juu. Nondo ya 10 mahali pa 12, ghorofani, siyo suala la hesabu tena.

Chakula. Hapa sina jibu lililonyooka na sitajifanya ninalo. Mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu konda hapendi wanafunzi. Nauli yao ni shilingi 200, na daladala likiwa na nafasi mbili za watu wazima hawa wanasukumwa pembeni. Anafika saa moja na nusu kachoka, tumbo tupu. Saa sita hajui mwalimu anasema nini. Chakula kwa shule ya kutwa ni jukumu la mzazi, waraka unasema hivyo, kwa hiyo tumekubaliana kuchangia mahindi, maharage na fedha ya mpishi. Tukikubaliana watu mia, wanatoa sitini. Wale sitini wananiambia, mama, yule mzazi ana bodaboda mbili nyumbani, kwa nini mtoto wake ale makande yangu? Wana hoja. Na mwalimu wa zamu naye ameshika orodha ya waliolipa, anaita majina kwenye foleni.

Mimi niliomba orodha ile iondoke kwenye foleni. Adaiwe mzazi, afuatwe nyumbani na mwenyekiti wa mtaa, aitwe kwa mjumbe wa nyumba kumi, lakini mtoto wa miaka kumi na nne asiitwe jina mbele ya sufuria. Bodi iligawanyika. Tulipita kwa tofauti ya kura chache, na makusanyo yalishuka mwezi uliofuata, nasema ukweli. Nikiulizwa tena nitapiga kura ile ile, na nitaomba mzazi mwenye bodaboda mbili aje hapa mbele atueleze.

Mengine nayapitia haraka. Viboko: kanuni zinasema visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye kitabu. Nikija shuleni huomba kukiona kitabu. Kikiwa kitupu na watoto wana alama, tuna mazungumzo. Vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabuni wenyewe mkitoka. Wasichana waliojifungua: Waraka Namba 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu kurudi, kwa hiyo sitaki kusikia mzazi ameambiwa "subiri kwanza". Lugha ya kufundishia tukiigusa leo hatutoki humu, tuiache.

Sasa mwaka 2028. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mtaala mpya ukaanza Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wanamaliza la sita 2027. Waliokuwa darasa la nne, wa mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Januari 2028 mikupuo yote miwili inabisha hodi kidato cha kwanza, kwa mpigo. Na kwa sera mpya elimu ya lazima ni miaka kumi, kwa hiyo hakuna wa kumwambia baki nyumbani. Mkoa huu kwa sensa ya 2022 una watu milioni tano na laki tatu na ushee. Darasa la sekondari linatakiwa liwe na wanafunzi 40. Nendeni mkachungulie kidato cha kwanza cha sasa, kabla ya mkupuo wowote, mwone kama ni 40.

Serikali inajua na inajenga, naliona kwa macho. Ninachohofia ni ile haraka. Haraka ya 1974 ilinipa shule na ikanipa wenzangu wasiojua kusoma. Haraka ndiyo inayomfanya mtu asaini nondo bila kupima. Kwa hiyo kipaumbele changu mpaka siku ile ni kwamba kila shule ya kata hii iwe na orodha tatu zilizoandikwa sasa hivi: watoto wangapi wanakuja kutoka shule zipi za msingi, viti na meza ngapi vipo na ngapi ni vya kukaa watu watatu, na walimu wangapi wa Hesabu. Orodha ya kwanza tumeimaliza. Ya pili inasuasua kwa sababu kuna madawati yamerundikwa nyuma ya maabara, na hakuna anayetaka kusema yako mangapi yanayotengenezeka. Jumamosi saa tatu tunakwenda kuyahesabu. Nahitaji watu wanne, mmoja awe seremala.

Mheshimiwa Diwani ameniashiria muda. Mama mwenye kanga ya njano umeinua mkono tangu kwenye nondo, karibu uliza.