Kufufua Nyambizi ya Rimoti Pamoja na Familia

Karibuni tena watazamaji. Hii hapa mezani ni nyambizi ya rimoti iliyolala kabatini kwa miaka, na leo tunaifufua pamoja na watoto. Najua mikono inawasha kushika msasa na rangi. Rangi iacheni kwanza. Haizuii maji kuingia kwenye mota.

Tunaanza na betri. Zitoeni zote. Mkiona unga mweupe au wa kijani kwenye vibati vya kushikia betri za nikeli au za alkali, zimevuja. Mtu mzima avae glavu, afute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha akaushe. Betri kuukuu msiichaji eti "tuone kama inashika". Nunueni mpya.

Sasa sogezeni macho hapa. Bomba hili angavu ndilo linalobeba mota, servo (kimota kidogo kinachosogeza usukani na mapezi) na kipokezi cha mawimbi ya rimoti, na kinachozuia maji ni pete hizi za mpira. Toeni kila pete, ikunjeni taratibu. Yenye ufa, au iliyobaki bapa, tupeni. Safisheni mfereji wake pia, maana unywele mmoja unatosha kupitisha maji. Hii kazi wapeni watoto, macho yao yanaona kuliko yetu. Pete mpya ipakeni grisi ya silikoni, kiasi cha kung'aa tu. Lakini ikiwa pete yenyewe ni ya silikoni, grisi hiyo huivimbisha, kwa hiyo tafuteni ya aina nyingine. Msisahau pale mhimili wa propela unapotokea nje. Hapo ndipo maji hupenda kupenya.

Kabla ya kurudisha umeme wowote, fungeni bomba tupu likiwa na karatasi ya chooni ndani, mlikandamize kwenye beseni la maji kwa nusu saa. Viputo vikitoka, wekeni alama mahali vinapotokea. Karatasi ikitoka kavu, tunaendelea.

Upande wa redio, rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 hukatika karibu mara tu antena inapozama. Zile za zamani za megahezi 27, 40 au 75 hupita mita kadhaa za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo rimoti kuukuu msiitupe. Hakikisheni tu kwamba masafa yake yanaruhusiwa mlipo. Kwenye maji ya chumvi hata hizo hufifia upesi. Halafu, nyambizi ikiwa bado mezani, zimeni rimoti. Kama ina kinga ya kupotea kwa mawimbi, tangi la maji linaloizamisha linapaswa kujimwaga lenyewe ili ipande juu. Lisipojimwaga, haiendi majini.

Hapa kwenye uzani tutakaa kidogo. Tangi likiwa tupu, nyambizi ielee kwenye mstari wake wa maji ubavuni. Likijaa, ibaki ncha ya mnara tu juu ya maji. Povu gumu hukaa juu, risasi (ile metali nzito) hukaa chini kabisa, na hilo ndilo linaloizuia kupinduka. Ikiinamisha pua, sogezeni risasi kwanza kabla ya kuongeza nyingine. Na mkihama kutoka maji baridi kwenda baharini, jueni maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5: nyambizi ya kilo 8 itadai risasi ya gramu 200 hivi zaidi.

Haya, bwawani. Waogeleaji watoke, propela haichagui kidole. Mbizi ya kwanza fungeni mshipi wa kuvulia. Mmoja aendeshe, mwingine asimame ukingoni akitaja ilipo, na mtu mzima asiondoke kando ya maji. Endeni polepole, inamisheni mapezi ya kuzamia kidogo tu. Wanaopenda mbio huipigiza sakafuni.

Mkimaliza, toeni betri, futeni kila kitu, na mkitoka baharini suuzeni kwa maji baridi. Bomba lihifadhiwe likiwa wazi, ili pete zisibanwe zikawa bapa.