Jinsi ya Kusali Baba Yetu kwa Kiaramu, Mstari kwa Mstari

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Na kwa Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Karibuni sana. Leo tunajifunza kusali Baba Yetu kwa Kiaramu, kwa matamshi yanayosikika hadi leo katika makanisa ya Kisiriaki. Chukua kalamu na daftari. Maneno yatapita chini ya skrini, lakini ukiyaandika kwa mkono wako yatakaa kichwani upesi zaidi.

Kabla hatujafungua kinywa, kuna jambo la kuweka sawa. Kuna maandishi yanasambazwa mtandaoni yakidai kwamba Baba Yetu "ya asili" ya Kiaramu ilikuwa ikimwomba "Baba na Mama wa ulimwengu", eti na watafsiri wakaficha. Yanapendeza kusoma, lakini achana nayo. Neno la kwanza la sala ni Abun, na Abun maana yake ni Baba yetu. Hakuna mama ndani yake, wala hakuna ulimwengu, wala hakuna siri iliyofichwa.

Na upande wa pili pia tuwe wakweli. Bwana Yesu alizungumza Kiaramu cha Galilaya, ila Injili tulizonazo ziliandikwa kwa Kigiriki. Maneno ya leo yanatoka katika Peshitta, yaani Biblia ya Kisiriaki, na Kisiriaki ni Kiaramu cha mji wa Edessa, ambao siku hizi unaitwa Şanlıurfa, kusini mashariki mwa Uturuki. Kwa hiyo mtu akikuambia haya ndiyo maneno yenyewe yaliyotoka kinywani mwa Yesu, herufi kwa herufi, amezidisha. Ni lugha yake, kwa lafudhi ya jirani zake wa kaskazini, na watu wameisali kizazi hadi kizazi bila kuiacha. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko siri yoyote.

Tuanze. Hatua ya kwanza ni kuamsha Kiaramu ulichonacho tayari. Fungua Injili ya Marko katika Biblia yako ya Kiswahili. Sura ya 5, mstari wa 41: Talitha, kumi. Sura ya 7, mstari wa 34: Efatha. Sura ya 14, mstari wa 36: Aba. Sura ya 15, mstari wa 34: Eloi, Eloi, lama sabakthani. Kisha nenda 1 Wakorintho 16:22, Maran atha. Simamisha video uyasome kwa sauti, polepole. Hayo yote ni Kiaramu, na umeyasikia kanisani tangu utotoni. Sasa unayaongezea wenzake.

Hatua ya pili ni sauti, na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati. Th ni ile ya thamani na thelathini. Ukizoea kusema "selasini", leo jirekebishe. Kh ni ile ya watu wa Pwani wanaposema kheri au khamsini, inayokwaruza kooni. Sisi wa bara tunapenda kuilegeza ikawa h tupu, na kwenye sala hii ukiilegeza utapoteza nusu ya ladha yake. Sh ni ile ya shamba.

Zinabaki tatu ngumu. Ya kwanza ni q, ambayo ni k inayotokea ndani kabisa, nyuma ya kimio. Ya pili ni h nzito ya kooni, ambayo nimeiwekea nukta chini kwenye skrini. Ya tatu ni 'e, sauti ya koo kubanwa kidogo, nitakayoiandika kwa alama ya mkato wa juu. Njia rahisi ya kuzipata zote ni kumwomba jirani aliyesoma madrasa akutamkie "Rahman", "qul" na "alamin". Kiarabu na Kiaramu ni ndugu wa tumbo moja, na sauti hizi wanazo wote wawili. Zikikushinda leo, usikwame hapo. Sema k ya kawaida na h ya kawaida, uendelee.

Hatua ya tatu ni kuchagua upande, na wengi hukosea hapa. Kisiriaki kina matamshi mawili. Waorthodoksi wa Kisiria na Wamaroni wa Lebanoni hutamka kimagharibi. Waashuru wa Kanisa la Mashariki na Wakaldayo hutamka kimashariki. Tofauti inayosikika mara moja ni irabu: penye o upande wa magharibi, mara nyingi mashariki wana a. Magharibi husema Abun d-bashmayo, mashariki husema Awun d-washmayya. Magharibi ni malkuthokh, mashariki ni malkuthakh. Zote ni sahihi. Kosa ni kuchukua mstari mmoja huku na mwingine kule, kwa sababu sala nyingi zilizobandikwa mtandaoni zimechanganywa hivyo. Leo tunashika magharibi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya nne, simama. Katika desturi ya Kisiriaki husali wakiwa wamesimama wakielekea mashariki. Kama hujui mashariki ni wapi, kumbuka dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Fanya ishara ya msalaba: paji la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Wakati mkono unasafiri, sema nami:

B-shem Abo, wa-Bro, w-Ruho Qadisho, had Aloho sharriro.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, Mungu mmoja wa kweli. Rudia mara tatu bila haraka. Ruho umeshaitambua, ni roho ileile.

Halafu Waorthodoksi wa Kisiria wana ombi fupi wanalolisema mara tatu kabla ya Baba Yetu katika sala zao za kila siku: Qadishat Aloho, qadishat hayelthono, qadishat lo moyutho. U mtakatifu, Mungu. U mtakatifu, mwenye nguvu. U mtakatifu, usiyekufa. Wanaongeza: d-estlebt hlofayn, ethraham 'layn. Uliyesulibiwa kwa ajili yetu, utuhurumie. Nyongeza hiyo ya "uliyesulibiwa" ilizua mabishano makubwa katika karne ya 5 na ya 6, kwa sababu wengine waliuona wimbo huu kuwa wa Utatu wote, ilhali Wasiria wanamwimbia Kristo. Hatutalimaliza jambo hilo kwenye video hii. Mwanzoni unaweza kuruka ombi hili, ukarudi kwake Baba Yetu ikishakaa.

Hatua ya tano ndiyo sala yenyewe. Nasema mstari, unaurudia mara tatu, kisha tunasonga.

Abun d-bashmayo. Baba yetu uliye mbinguni. Ile d mwanzoni inabeba "uliye", ibandike kwenye neno linalofuata: dbash-ma-yo.

Nethqadash shmokh. Jina lako litakaswe.

Tithe malkuthokh. Ufalme wako uje.

Nehwe sebyonokh. Mapenzi yako yawe.

Simama hapa kidogo. Umesikia mwisho wa maneno hayo matatu? Shmokh, malkuthokh, sebyonokh. Ile -okh ni "yako": jina lako, ufalme wako, mapenzi yako. Ndiyo mkanda unaozifunga dua hizi tatu pamoja, na unapozisali uiache kh isikike kila mara, usiimeze. Zirudie zote tatu kwa pumzi moja.

Aykano d-bashmayo, of bar'o. Kama mbinguni, vivyo hivyo duniani. Kiswahili chetu huanza na "hapa duniani", Kisiriaki huanzia mbinguni kikashuka. Bar'o ikikusumbua, shikilia neno ardhi, maana ar'o na ardhi ni ukoo mmoja.

Tunaingia kwenye mahitaji. Hab lan lahmo d-sunqonan yawmono. Utupe leo mkate wa uhitaji wetu. H ya lahmo ni ile nzito. Na tazama sunqonan: uhitaji wetu. Haombi shehena, anaomba kile anachopungukiwa leo. Biblia ya Muungano inasema "riziki yetu", nami naona mtafsiri yule aliligusa jambo lilipo hasa.

Sasa mstari mrefu unaowatoa watu jasho. Tutaukata vipande. Washbuq lan: na utuachilie. Hawbayn: madeni yetu. Wahtohayn: na makosa yetu. Katika Peshitta yenyewe utakuta madeni peke yake. Makosa yaliongezwa katika sala ya kanisani, na ndivyo Waorthodoksi wa Kisiria wanavyosali. Kipande cha pili: aykano d-of hnan, kama sisi nasi. Shbaqn l-hayobayn: tulivyowaachilia wadeni wetu. Kwa aliyezoea "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu", huu ni mstari wa nyumbani. Deni na mdeni, hawbo na hayobo, vinasimama uso kwa uso kama katika Kiswahili.

Unganisha taratibu: Washbuq lan hawbayn wahtohayn, aykano d-of hnan shbaqn l-hayobayn.

W-lo ta'lan l-nesyuno. Wala usitutie majaribuni.

Elo fasolan men bisho. Bali utuokoe na yule mwovu.

Kabla hujaurudia mstari huu, nataka uwajue wanaoutamka. Katika milima ya Tur Abdin, kusini mashariki mwa Uturuki, ipo monasteri ya Mor Gabriel, iliyoanzishwa mwaka 397. Wakristo wa huko huzungumza tawi la Kiaramu liitwalo Turoyo. Mwaka 1915 walichinjwa kwa wingi pamoja na Waarmenia. Wao wenyewe mwaka huo wanauita Sayfo, yaani Upanga. Wengi wa wajukuu wao leo wako Södertälje, Uswidi, na Ujerumani.

Katika uwanda wa Ninawi, kaskazini mwa Iraki, kuna miji kama Qaraqosh na Alqosh, ambako watu huzungumza Sureth, tawi jingine la Kiaramu, nyumbani. Kwa Sureth, baba ni "baba" vilevile kama kwetu. Agosti 2014 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliingia Qaraqosh, na maelfu ya watu wakakimbilia Erbil na nguo walizovaa. Mji ulikombolewa Oktoba 2016. Kanisa lao kubwa la Al-Tahira lilikuwa limechomwa moto ndani, likakarabatiwa, na Papa Fransisko alisali nao humo tarehe 7 Machi 2021.

Kisha kuna Ma'loula, kijiji kilichopanda mwamba kaskazini mashariki mwa Damasko. Huko, na katika vijiji viwili jirani vya Jubb'adin na Bakh'a (hiki kiliharibiwa vitani, watu wake wakatawanyika), ndiko kulikobaki tawi la magharibi la Kiaramu kinachozungumzwa. Ibada ya Wakristo wa Ma'loula ni ya Kibizantini na huendeshwa zaidi kwa Kiarabu, ila Baba Yetu wanaisali pia kwa lugha ya nyumbani kwao. Na wazungumzaji wa vijiji vile viwili ni Waislamu. Septemba 2013 vita viliingia Ma'loula, na Desemba watawa wa monasteri ya Mtakatifu Thekla walitekwa, wakaachiliwa Machi 2014.

Hao ndio wanaoomba kuokolewa na yule mwovu, kila mmoja kwa matamshi ya kwao. Sasa irudie: Elo fasolan men bisho.

Mstari wa mwisho: Metul d-dilokh hi malkutho, w-haylo, w-teshbuhto, l-'olam 'olmin. Amin. Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu, milele na milele. Anayemjua mtu ashikaye tasbihi ataikumbuka teshbuhto bila taabu, maana shina lake ni moja: kusifu, kutukuza.

Hatua ya sita ni mazoezi. Usijaribu kuimeza yote leo. Siku za mwanzo kaa na mistari mitano ya kwanza, asubuhi na jioni, hadi itoke bila kutazama skrini. Kisha ongeza mkate. Kisha madeni. Kanisa la Kisiria huhesabu siku kuanzia jioni, kwa sala ya Ramsho, basi kama unataka kufuata mwendo wao, jifunze mstari mpya magharibi na uusali tena alfajiri.

Ukishaizoea, tafuta nyimbo za kwaya za Kisiriaki usikilize jinsi wanavyoiimba. Wana hazina ya nyimbo iitwayo Beth Gazo, yenye sauti nane zinazobadilika kwa zamu ya majuma. Mapokeo haya ya kuimba yana mizizi mirefu: Mtakatifu Efrem, aliyefariki Edessa mwaka 373, alitunga tenzi za imani kwa lugha hii na kuzifundisha kwaya za wanawake. Na ninyi mnaofanya kazi Dubai, Doha au Muscat, wapo Wakristo wa Kerala wenye mapokeo ya Kisiriaki. Siku hizi husali zaidi kwa Kimalayalam, lakini ibada yao bado wanaiita Qurbana, na maneno ya Kisiriaki utayasikia humo. Ukialikwa, nenda. Kaa nyuma, sikiliza kwanza.

Haya, simameni. Tusali pamoja, mimi nikiwa polepole mnifuate.

Abun d-bashmayo, nethqadash shmokh, tithe malkuthokh, nehwe sebyonokh, aykano d-bashmayo of bar'o. Hab lan lahmo d-sunqonan yawmono. Washbuq lan hawbayn wahtohayn, aykano d-of hnan shbaqn l-hayobayn. W-lo ta'lan l-nesyuno, elo fasolan men bisho. Metul d-dilokh hi malkutho, w-haylo, w-teshbuhto, l-'olam 'olmin. Amin.

Aliyekwama kwenye hnan shbaqn, rudisha video hadi pale tulipoukata mstari vipande, useme kipande cha pili peke yake mpaka ulimi ulainike, kisha uje tuanze tena kutoka Abun.