Fainali nane alizopoteza Jerry West

BARAKA: Karibuni tena, wapenzi wa kikapu. Mimi Baraka, nipo na dada Rehema, na leo ni zamu ya Jerry West. Dada, juzi uliniambia hupendi namna watu wanavyomtaja.

REHEMA: Siipendi, kaka. Wengi wakisikia jina lake wanakimbilia nembo ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ule mwili mweupe unaokimbia na mpira. Ni kweli, mchoraji wake Alan Siegel alishasema alitumia picha ya West. Lakini habari yenyewe iko kwingine. Alichezea Lakers, timu ya Los Angeles, misimu 14, kuanzia 1960 hadi 1974, akafika fainali mara tisa. Alishinda ngapi?

BARAKA: Moja tu. Ya 1972.

REHEMA: Moja! Nane alitoka mikono mitupu, na katika hizo nane, sita alifungwa na Boston Celtics ya Bill Russell.

BARAKA: Ile ya 1969 huwa inaniuma kana kwamba nilikuwepo. Mchezo wa saba, ule wa kuamua bingwa, nyumbani kwao Los Angeles. Mwenye timu ameshapandisha maputo darini, yaangushwe Lakers wakichukua kombe. West anacheza na maumivu ya msuli wa paja, na bado anapata pointi 42, ribaundi 13, yaani mipira aliyodaka baada ya kukosa kuingia kikapuni, na asisti 12, pasi zilizozaa vikapu. Wakafungwa 108 kwa 106.

REHEMA: Kisha tuzo ya Mchezaji Bora wa Fainali akapewa yeye. Ndio mwaka ilipoanza kutolewa, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeipata akiwa upande uliofungwa. Unaletewa tuzo huku kombe linapanda ndege kwenda Boston!

BARAKA: Mwaka uliofuata fainali tena, na Knicks ya New York. Mchezo wa tatu, sekunde za mwisho, anarusha mpira akiwa upande wake wa uwanja, unazama kikapuni. Leo hizo ni pointi tatu na mechi imekwisha. Enzi zile NBA haikuwa na pointi tatu kwa mipira ya mbali, akapata mbili tu, ikawa sare, wakaenda dakika za nyongeza, wakafungwa.

REHEMA: Na huyu ni mtu aliyebeba mengi tangu utotoni. Alikulia Chelyan, kijiji cha West Virginia, baba mkali wa kumpiga. Kaka yake David aliuawa vitani Korea mwaka 1951, Jerry ana miaka 13. Alipokuwa mtu mzima alieleza waziwazi kwamba aliishi na sonona. Namheshimu sana kwa hilo.

BARAKA: Ukocha tuupitie haraka: 1976 hadi 1979, Lakers hiyo hiyo, misimu yote mitatu akawafikisha mtoano.

REHEMA: Sawa, maana utamu uko ofisini. Alishika umeneja mkuu 1982, na mwaka 1985 Lakers wakaifunga Celtics kwenye fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao. Tena Boston kwenyewe!

BARAKA: Nieleze ya 1996, maana wasikilizaji wengi wanajua matokeo tu.

REHEMA: Kobe Bryant ana miaka 17, ametoka sekondari. West anampeleka mazoezini apambane na Michael Cooper, beki mkali aliyekwisha kustaafu. Haikuchukua muda West akasema imetosha, ameshaona. Charlotte ndio waliokuwa na nafasi ya 13 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, hivyo akawapa Vlade Divac, senta wake wa kutegemewa, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, ili wamwachie Kobe. Sasa sikiliza hesabu: NBA ina kikomo cha mishahara ambayo timu inaweza kulipa. Kuondoka kwa Divac kukaacha fungu la kumsajili Shaquille O'Neal mwezi huohuo. Biashara moja ikawaleta wawili. Kombe likaja 2000.

BARAKA: Halafu akaondoka! Akaenda Memphis 2002, timu iliyokuwa haijawahi kuingia mtoano. Mwaka 2004 ikaingia, naye akatajwa Mtendaji Bora wa Mwaka kwa mara ya pili. Na Watanzania tuna cha kukumbuka hapa: 2009, West ameshaondoka, Memphis hiyo hiyo ilimchagua Hasheem Thabeet wetu akiwa namba mbili.

REHEMA: Namba ileile aliyochaguliwa West mwaka 1960. Baadaye akawa mshauri wa timu ya Golden State. Mwaka 2014 walitaka kumtoa mchezaji wao Klay Thompson wampate Kevin Love wa timu nyingine, yeye akakataa kwa nguvu zote. Klay akabaki, na 2015 wakawa mabingwa.

BARAKA: Alifariki Juni 2024, akiwa na Clippers, timu nyingine ya Los Angeles, miaka 86. Hivi, dada, ushindi wote huo ulimtuliza?

REHEMA: Hapana, kaka. Hata alipokuwa bosi wa Lakers, mechi kubwa zilimshinda kutazama. Alikuwa akitoka ukumbini, anaingia kwenye gari lake, anazunguka barabarani usiku mpaka apate matokeo.