Mlango wa kioo wa baraza: wa Minnesota usiupeleke Tanga

Hamjambo ndugu zangu, na shikamooni wazee wangu mnaonitazama. Leo nimesimama nyuma ya nyumba, kwenye deki, yaani baraza letu la nje, na huu hapa ndio mlango wa kioo ambao wengi mmeuulizia tangu niliporusha picha za mafundi wakiufunga. Mmeuliza ni wa aina gani. Mmeuliza fremu yake ni ya nini. Halafu wengi mkamalizia: dada, mimi najenga Tanga, najenga Kigamboni, najenga Kilifi, niweke kama huo?

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niwashe kamera, na jibu langu ni hapana. Mlango huu ni mzuri sana kwa hapa nilipo, lakini huko pesa yenu itanunua mambo msiyoyahitaji na kuacha yale mnayoyahitaji. Najua mtu anaposema anataka mlango wa kioo sebuleni, kuna lipu ya vyumba viwili imesimama kuusubiri. Kwa hiyo naomba tuelewane vizuri.

Nianze na hapa. Tunaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Usiku wa Januari joto hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna nyakati hupita hapo. Mlango tulioukuta kwenye nyumba hii ulikuwa wa slaidi, yaani wa kusukuma pembeni, fremu ya aluminiamu tupu, kioo kimoja. Sasa fikirieni sufuria na mwiko wa mti vikiwa juu ya moto mmoja: sufuria huigusi bila kitambaa, mwiko unaushika kwa mkono mtupu. Aluminiamu hupitisha joto karibu mara elfu moja kuliko mbao au PVC. Joto la hita ambalo tunalilipia lilikuwa linatokea kwenye fremu ile na kwenda kuwapasha ndege.

Na haikuwa gharama tu. Hewa ya ndani ikiwa nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40, kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 7 kushuka chini kitaanza kutoa jasho. Fremu ile ilikuwa chini ya sifuri, kwa hiyo jasho lenyewe liliganda. Barafu ndani ya nyumba, upande wa sebuleni! Mchana ikiyeyuka, maji yanaingia kwenye mbao za sakafu, na kwenye pembe ya ukuta kukaota kuvu jeusi. Hapo nikajua kwamba katika mlango wa kioo, kitu cha kuchunguza kwanza ni fremu. Kioo tunakiona wote. Fremu ndiyo inayofanya kazi au inayokuangusha.

Hapa madukani utaoneshwa aina nne. Ya bei nafuu ni PVC, wenyewe wanaiita vainili. Haipakwi rangi, haiozi, na ndani yake ina vyumba vyumba vya hewa vinavyozuia baridi. Tatizo lake ni kwamba hutanuka na kusinyaa sana. Kipande cha mita 2, joto likibadilika kwa nyuzi 50, hurefuka kama milimita 6, wakati kioo kilichomo ndani yake hakifiki hata milimita 1. Sasa mwaka hadi mwaka raba na silikoni zinazoziba kati ya kioo na fremu ndizo zinazovutwa huku na huku. Tena PVC ni laini, ndiyo maana fremu zake ni nene na mlango ukiwa mkubwa lazima iwekewe chuma ndani.

Mbao ni nzuri, sitasema vinginevyo. Huzuia baridi na nyumba inapendeza. Lakini theluji na jua la hapa huzitesa, kwa hiyo watengenezaji huzivika aluminiamu upande wa nje na kuacha mti uonekane ndani. Bei yake iko juu kabisa. Aluminiamu nayo ipo, ila ya kisasa imekatwa katikati: upande wa nje na wa ndani havigusani, vimeunganishwa na kipande cha plastiki ngumu ili joto lisivuke.

Sisi tulichukua faibaglasi. Hizi ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, na kwa kuwa zenyewe ni kioo, hutanuka karibu sawa na kioo kilichomo. Raba haivutwi. Ni ghali kuliko PVC, lakini kwa nchi ambayo mwaka mmoja una kiangazi cha nyuzi 35 na baridi niliyowatajia, naona inastahili. Vioo ni viwili, katikati kuna gesi ya agoni, na kioo kimoja kimepakwa utando usioonekana unaorudisha joto ndani.

Msogeze macho hapa kwenye kona, mnaiona hii karatasi? Milango na madirisha mengi ya Marekani huja na lebo ya NFRC, taasisi inayosimamia upimaji wa vitu hivi. Namba ya kwanza inaeleza joto linapotea kiasi gani kupita mlangoni, na inavyokuwa ndogo ndivyo ilivyo bora. Ya pili inaeleza kioo kinaruhusu joto la jua kiasi gani, kuanzia 0 hadi 1. Hapa tunahangaikia ile ya kwanza. Ninyi wa pwani, kama mtaletewa bidhaa yenye lebo hii, angalieni ya pili, nayo iwe ndogo.

Kwa nini slaidi? Kwa sababu mbili tu. Ndani, meza ya chakula iko karibu na mlango, kwa hiyo bawa la kufungukia ndani lingegonga viti. Nje, theluji hujikusanya juu ya deki hadi magotini, na mlango wa kufungukia nje usingesogea. Nikubali pia kwamba mlango wa bawaba ukibanwa vizuri na raba zake huzuia upepo kuliko slaidi, hivyo tulichagua slaidi yenye raba mbili na komeo linaloshika sehemu zaidi ya moja. Ile ya kukunja, inayojikusanya pembeni kama pazia, sikuitaka. Maungio yake ni mengi, na kila ungio ni njia ya baridi.

Haya, sasa twende nyumbani.

Tanga hakuna baridi. Kuna jua, kuna chumvi, kuna mchwa, kuna mvua za masika zinazokuja na upepo ubavuni. Na kuna hewa, neema kubwa kabisa ya pwani. Kaskazi ikivuma unataka iingie sebuleni, kusi ikianza unataka iingie pia. Mlango wa slaidi wa vipande viwili, hata uufungue vipi, nusu yake inabaki imezibwa na kioo. Umejenga uwazi wa mita 2, unapata hewa ya mita 1. Hapa kwetu nusu inatosha maana miezi mingi mlango umefungwa. Kwenu nusu ile ni hewa mliyoilipia mkaikataa, halafu mtanunua feni.

Ndiyo maana kwa pwani mimi napendekeza mlango wa mabawa mawili, wa bawaba. Wazee wa Unguja, Lamu na Pangani walijenga hivyo: mabawa mawili, mfaa katikati, yaani ule mti uliosimama pale mabawa yanapokutana, na yanafungukia ndani. Ukiyafungua, uwazi wote ni wako. Kufungukia ndani kunafaa hata leo kwa sababu ya grili. Wengi wetu tunaweka grili kwa nje, na mlango unaofungukia nje utagongana nayo. Na hapo kwenye grili naomba mnisikilize: iwe na kipande kinachofunguka kutoka ndani, ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anajua. Moto ukitokea usiku hakuna muda wa kutafuta funguo kabatini.

Kama nafasi ya ndani ni finyu na slaidi haikwepeki, wekeni ya vipande vitatu au vinne, kila kipande na reli yake, si viwili, mpate uwazi zaidi. Na wavu wa mbu upewe reli yake mwenyewe.

Fremu ya huko iwe ya nini? Aluminiamu, ile ile niliyoisema vibaya hapa. Kama huwashi kiyoyozi kutwa, huna haja ya kuilipia ile iliyokatwa katikati. Adui yake kwenu ni chumvi. Mdogo wangu anajenga Raskazone, pale Tanga, bahari anaiona, na haya ndiyo niliyomwandikia ampe fundi. Rangi iwe ya unga uliochomwa kwenye tanuri, siyo ya kupulizwa mtaani. Skrubu na bawaba ziwe za chuma cha pua kisichoshika kutu (stainless), na kwa aliye karibu na maji kiasi hicho ziwe za daraja la 316, linalostahimili chumvi zaidi, kwa sababu skrubu ya chuma cha kawaida kwenye hewa ya chumvi hushika kutu, na ikigusana na aluminiamu hata fremu huliwa. Na mlango uoshwe kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, chumvi isikae.

Kuna jambo jingine mafundi wengi hulipita haraka. Saruji mbichi huiunguza aluminiamu. Ukifunga fremu kabla ya lipu, ifunikeni kwa nailoni na tepu kila upande, na tone la saruji likidondoka lifutwe palepale. Yale mabaka meupe mnayoyaona kwenye milango mipya, ambayo hayatoki hata usugue, chanzo chake mara nyingi ni hicho. Bora zaidi, lipu imalizwe kwanza, ndipo fundi aluminiamu aje kupima.

Wanaopenda mbao, sitawazuia. Mninga, mvule, mkongo, zote ni mbao za kuheshimika, na Tanga tuna mtiki wetu wa Longuza pale Muheza. Lakini ulizeni mbao imekaushwa kwa muda gani. Mti mbichi ukishakuwa mlango utapinda, na mlango wa kioo ukipinda kidogo tu komeo halikutani tena na tundu lake. Chini, pale miimo inapokaribia sakafu, ndipo maji na mchwa huanzia, kwa hiyo hapo pawekewe dawa na pasizamishwe kwenye saruji. PVC nayo imeanza kuuzwa kwa wingi. Kama ni hiyo, chukueni nyeupe, kwa sababu rangi ya giza juani hupata moto mkali na fremu hulegea, na muulize muuzaji kama ndani kuna chuma.

Upande wa kuweka mlango nao una maana. Hapa Minnesota jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo mlango wa kusini unatupa joto la bure wakati wa baridi. Tanga jua hupita juu ya kichwa, mwezi Juni likielemea kaskazini na Desemba kusini, na bati lililotokeza vizuri juu ya baraza linalizuia pande zote mbili. Lakini asubuhi na jioni jua huja likiwa chini, halizuiwi na paa. Kioo kikubwa kikielekea magharibi, sebule inaiva kuanzia saa tisa. Anayeanza ramani sasa auweke kaskazini au kusini.

Na kioo chenyewe. Hapa sheria ya shirikisho tangu 1977 inataka milango ya kioo iwe na kioo cha usalama. Kinachotumika zaidi ni tempa, ambacho kikivunjika hutawanyika vipande vidogo badala ya mapanga. Alama yake imechorwa kwenye kona, hii hapa. Huko msikubali mlango wa kioo cha kawaida mahali watoto wanapokimbia, hata kama fundi anasema kioo ni kinene. Unene si tempa. Kumbukeni kioo cha tempa hupikwa kwenye tanuri ili kiwe kigumu, na hakikatwi baada ya hapo, kwa hiyo vipimo vichukuliwe kwa makini kabla ya kuagiza.

Sasa kaka mmoja ameniuliza kama anaweza kununua mlango kamili hapa akaupakia kwenye kontena. Kaka yangu, usifanye hivyo. Mlango wa kawaida wa slaidi hapa ni futi 6 kwa futi 6 na inchi 8, yaani sentimita 183 kwa 203, na utalazimika kuujengea ukuta upya uingie. Gurudumu likivunjika baada ya miaka michache, spea utaagiza hukuhuku. Na utakuwa umelipia kinga ya baridi ambayo Tanga haipo. Hiyo nauli ya kontena mpe fundi wa nyumbani akununulie aluminiamu nene na kioo cha tempa.

Sakafu ya baraza iwe chini kuliko ya ndani kwa sentimita chache na imwage maji nje. Kama ni slaidi, reli iwe na vitundu vya kutolea maji, na fundi asivizibe kwa silikoni.

Walio kwenye lenta sasa hivi, ile zege ya juu ya milango na madirisha, niandikieni hapo chini mambo matatu: upana wa uwazi mliouacha, upande unaoelekea, na umbali wenu kutoka baharini. Nitawajibu mmoja mmoja, na kama grili imeshawekwa semeni inafungukia wapi.