Chuo Kilichozaliwa Bila Jengo

Asanteni, na wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie vyuo vikuu vikongwe. Nitakaa na kimoja tu, Bologna, Italia, maana hapo tunamwona mtoto akizaliwa hata nyumba ya kumpokea haijajengwa.

Katika Kilatini cha zama zile, neno universitas halikuwa jina la shule. Lilikuwa jina la chama, watu walioapa kusimama pamoja, kama walivyofanya mafundi wa kazi mbalimbali. Bologna, waliounda chama hicho ni wanafunzi wa sheria. Mwaka wa kuanza huandikwa 1088, lakini huo ulichaguliwa karne ya 19 na kamati ya mshairi Giosuè Carducci, ili mwaka 1888 isherehekewe miaka 800. Ukweli ni kwamba hakuna siku chuo kile kilipofunguliwa. Kilikusanyika.

Kwa nini chama? Kwa sababu walikuwa wageni. Walitoka Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na miji mingine ya Italia, wengi wao watu wazima, wamefuata mabingwa wa sheria ya Kirumi. Mgeni hakuwa na haki za mwenyeji. Mfanyabiashara wa kwenu akikimbia deni, mdai aliweza kukukamata wewe, kosa lako ni kutoka naye mji mmoja! Katikati ya karne ya 12 Frederick Barbarossa, kaisari wa Ujerumani na Italia ya kaskazini, alipiga marufuku jambo hilo kwa amri iitwayo Authentica Habita. Hata hivyo, naamini ngao yao kubwa ilikuwa miguu. Mji ukiwabana, walitishia kuhama, na wenye nyumba na maduka walijua fedha ngapi zingeondoka nao. Mwaka 1222 kundi moja liliondoka kweli likaenda Padova, mji mwingine wa Italia, na chuo kikuu cha huko kikaanzia hapo. Kuhama kulikuwa kwepesi kwa kuwa hawakuwa na cha kuacha. Mwalimu alifundishia nyumbani kwake au katika ukumbi wa kukodi. Jengo la Archiginnasio, lililowakusanya wote mahali pamoja, lilikamilika mwaka 1563.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa ninyi wanafunzi. Rekta wa Bologna, yaani mkuu wa chama, alikuwa mwanafunzi, amechaguliwa na wanafunzi, na mwalimu aliapa kumtii. Kengele ikilia mwalimu hajaanza, faini. Akipitiliza muda, faini. Akiruka kifungu kigumu ili asiumbuke, faini. Kitabu kiligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na muda wake wa kumalizwa. Alitakiwa aweke dhamana mapema, ili faini zikatwe humo. Darasa la kawaida likikosa wasikilizaji 5, alihesabiwa hakufika. Kukosa hata siku moja kulihitaji ruhusa, na ruhusa yenyewe ilianzia kwa wanafunzi wake.

Mimi ni mwalimu, na siioni kuwa dharau. Mtu aliyevuka milima ya Alpi kwa miguu au kwa farasi, akalipa ada kutoka mfukoni mwake, ana haki ya kudai kifungu kile kigumu. Nguvu hiyo ilififia pale mji wenyewe ulipoanza kuwalipa walimu mishahara. Anayelipa ndiye anayesikilizwa. Wanafunzi wakarudi nyuma.

Jambo moja hawakuwahi kulishika: shahada. Walimu nao walikuwa na chama chao, na ndio waliotahini. Tena mwaka 1219 Papa Honorius III aliagiza kwamba pasiwe na wa kupewa ruhusa ya kufundisha Bologna bila idhini ya shemasi mkuu wa kanisa la pale. Basi siku ya siku mtahiniwa alipelekwa kanisa kuu, akatoa hotuba, akajibu hoja. Akishapita aliketishwa kwenye kiti cha mwalimu, akavishwa pete na kofia, akakumbatiwa, na mikononi akawekewa kitabu kilichofunguliwa.

Kitabu hicho ndicho kinachonirudisha nyumbani. Wazee wa pwani watanishuhudia: katika Kiswahili cha zamani, chuo maana yake ni kitabu. Walatini waliipa elimu ya juu jina la watu waliokusanyika. Sisi tuliipa jina la kile walichokusanyika kukisoma.